Tairi la Kulia

Anande alizima injini mbele ya duka la spea la Saadi, pale Kaloleni, lakini mikono yake iliendelea kuung'ang'ania usukani kana kwamba gari bado linakwenda. Alikuwa ameapa kutolikanyaga tena baraza lile. Tangu Pasaka, kila alipoteremka mjini alipita njia ya mzunguko, mafuta yakaungua bure, ili tu asilione lile bango la bluu wala mtu anayekaa nyuma ya kaunta. Leo bango hilohilo alilitafuta kwa macho tangu kona ya kwanza.

Gari ndilo lililomleta. Lilikuwa pikapu kuukuu, urithi wake kutoka kwa marehemu baba yake, mzee Stanley, pamoja na kitalu cha miche ya parachichi kule Olmotonyi. Kwa muda sasa lilikuwa linatoa sauti ya ajabu kwenye gurudumu la mbele. Haikuwa kelele ya chuma kugonga chuma. Ulikuwa mvumo mzito, kama mtu anayeguna ndani ya pipa. Likitembea polepole, kimya. Likishika mwendo, mvumo unaanza, unapanda, unajaa mpaka aliye ndani hasikilizani tena na jirani yake. Fundi mmoja wa Kimandolu alimbadilishia pedi za breki, sauti ikabaki. Mwingine alihamisha matairi ya nyuma akayaleta mbele. Sauti ikabaki, tena ikazidi.

Asubuhi hiyo, wakirudi kutoka misa, mama yake alichoka nayo.

"Hili si gari, Anande, ni jeneza lenye matairi," alisema Fransiska, rozari bado mkononi. "Miche ya Momela ataibeba Oscar. Ana lori la Fuso, ana madereva, ana nia njema. Jumamosi anakuja na wazee wake kukuposa, na mimi nimeshawaambia wakaribie."

"Miche ya Momela nitaipeleka mwenyewe, mama."

"Kwa gari gani?"

"Kwa hilihili."

"Linalolia hivi?"

"Litanyamaza leo."

Alimshusha mama yake getini, akageuza bila hata kunywa chai. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kununua kifaa tu. Anaingia, analipa, anatoka. Muuzaji ni muuzaji.

Muuzaji alikuwa ameinama, akifungua maboksi. Aliposikia hatua alisema, "Karibu," bila kuinua uso. Kisha akauinua. Saadi alikuwa amekonda kidogo, na ndevu alizozoea kuzinyoa kila Ijumaa alikuwa ameziachia zimee zinavyotaka. Boksi lilimponyoka. Alimtazama jinsi mwanamke anavyotazamwa na mtu aliyekuwa akimwona ndotoni tu, halafu akayashusha macho haraka kama aliyekamatwa.

"Anande."

"Nataka beringi ya gurudumu la mbele. La kushoto."

"Hujambo kwanza."

"Sijambo. La kushoto."

"Nani kakwambia ni la kushoto?"

"Masikio yangu."

"Basi siwezi kukuuzia."

"Siku hizi unachagua wateja?"

"Nikikuuzia kisichohusika, utarudi hapa umekasirika," alisema Saadi taratibu. "Na wewe unakasirika vizuri sana. Mimi naogopa."

Anande nusura acheke, na hilo likamuudhi kuliko yote. Alisimama wima akakunja mikono kifuani. Saadi alizunguka kaunta, akaenda kusimama mlangoni akilitazama gari, sauti yake ikawa ile ya kazi, tulivu, isiyo na haraka.

"Niambie. Ukikanyaga breki, linabadilika?"

"Breki haina habari nalo."

"Ukikata kona kali polepole, linagonga? Tak-tak-tak?"

"Hapana."

"Ukitoa gia ukaliacha liserereke lenyewe?"

"Linavuma vilevile."

"Basi si injini wala si gia. Kinacholia kinazunguka pamoja na tairi." Alivuta mlango wa duka, akaufunga kwa kufuli. "Twende nalo barabarani. Nataka nilisikie."

"Ninaendesha mimi."

"Sikuomba funguo," alisema Saadi, na akaenda kukaa upande wa abiria.

Walichukua barabara ya Namanga. Walipita Sakina, kila mmoja akitazama barabara. Kibanda cha gari kilikuwa kidogo. Kila Anande alipobadili gia, kiwiko chake kilipita karibu na goti la Saadi, naye Saadi alijibana mlangoni kwa adabu iliyomuumiza Anande kuliko kama angeguswa. Zamani, kwenye kiti hikihiki, kijana huyu alikuwa akimmenyea machungwa njia nzima na kumlisha kipande kimoja kimoja. Upande wao wa kulia Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni.

Barabara ilipofunguka, Anande alikanyaga mafuta. Mvumo ukaanza chini ya miguu yao, ukapanda, ukakijaza kibanda.

"Nyuma kuna gari?" aliuliza Saadi kwa sauti ya juu.

"Hakuna."

"Yumba kushoto kidogo, kama unakwepa shimo."

Anande aliyumba kushoto. Gari likanguruma kama mnyama aliyekanyagwa mkia.

"Sasa kulia."

Akayumba kulia. Mvumo ukafifia, ukabaki mnong'ono. Anande alishtuka. Alirudia mwenyewe bila kuambiwa: kushoto, ukapanda, kulia, ukashuka.

"Umesikia?" Saadi aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau kuyaficha macho yake. "Ukiwa na miche nyuma, ukayumba kushoto, masanduku yanaegemea upande gani?"

Anande aliwaza. "Kulia."

"Na uzito wa gari zima ni hivyohivyo. Unaelemea kulia. Likielemewa linapiga kelele, likipunguziwa linatulia. Linalolia ni la kulia."

"Lakini mimi nalisikia huko kwako!"

"Sauti inatambaa kwenye vyuma, inatokea inapotaka. Ndiyo maana hatukisii. Tunapima. Turudi, tuliinue, tuwe na hakika."

Nyuma ya duka kulikuwa na ua wa saruji ambapo Saadi alifanya kazi ya ufundi kabla baba yake hajamkabidhi duka. Alizuia matairi ya nyuma kwa mawe, akaliinua gari kwa jeki upande wa kulia, akaweka stendi chini yake. Anande hakusubiri kualikwa. Alikunja mikono ya shati lake, akapiga goti.

"Shika juu na chini," Saadi alimwelekeza. "Mkono mmoja vuta, mwingine sukuma."

Anande alilitikisa gurudumu. Likacheza kok-kok, kama jino linalotaka kung'oka.

"Sasa shika pembeni, kushoto na kulia, ulitikise hivyohivyo."

Safari hii lilitulia.

"Basi mikono ya usukani ni mizima. Ni beringi. Zungusha kwa nguvu halafu weka kiganja hapa." Saadi alikigusa chuma cha nyuma ya gurudumu. Anande alizungusha, akapeleka kiganja, akakosea mahali. Saadi alisita kidogo, kisha akaushika mkono wake na kuusogeza panapostahili.

Ndani ya chuma kulikuwa na mkwaruzo, kama mchanga kati ya meno. Anande aliusikia kwa ngozi. Lakini alichokisikia zaidi ni mkono ule juu ya wake, ule mkono wenye kovu dogo kwenye kidole gumba. Gurudumu lilizunguka, likapungua, likasimama. Mkono haukuondoka.

"Kwa nini uliniacha?" aliuliza Anande.

Saadi akataka kuuondoa mkono. Anande akaugeuza wake, akaukamata.

"Tumalize gari kwanza," alisema Saadi.

"Gari tumeshajua lina nini. Mimi bado sijajua nina nini. Nilikupigia simu mpaka nikajionea aibu. Ulinijibu neno moja tu, 'samahani', ukanyamaza. Miaka mitatu tulikuwa pamoja, Saadi! Sitoki kwenye ua huu bila jibu. Nitalala hapa chini na hiyo jeki."

Saadi alikaa chini kwenye saruji, mgongo ukiegemea gari. Alifuta grisi kwenye vidole ambavyo havikuwa na grisi.

"Mama yako alikuja hapa," alisema hatimaye. "Mara tu baada ya Pasaka. Alikaa pale dukani kwenye kile kiti cha wateja. Hakunitukana, Anande. Angenitukana ningejua la kufanya. Alilia. Alisema Mungu amemwachia kaburi moja na mtoto mmoja, na mimi nataka kumchukua mtoto. Akaniomba nikuache, tena nisikuambie sababu, ili usije ukamchukia. Mama wa watu, analia mbele yangu. Nikampa neno langu."

Anande alimgeukia.

"Kwa hiyo mlikaa hapa wawili mkanijadili kama mbuzi wa mnadani Ngaramtoni," alisema, kila neno akiliweka chini peke yake. "Mama akatoa machozi, wewe ukatoa neno. Na mimi? Nani aliniuliza? Nililala na simu kifuani nikitafuta kosa langu. Nilifika mahali nikajiona sina thamani. Kumbe watu wawili ninaowapenda kuliko wote ndio waliokubaliana niumie!"

"Niliona nakuheshimu."

"Ulimheshimu mama. Mimi ulinihurumia. Sikukuomba huruma, Saadi. Nilikuomba usimame."

Saadi aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema. "Sina utetezi. Mama yangu, Bi Siwema, kila tukikaa kula ananiuliza yule binti wa miche yuko wapi. Sijawahi kupata la kumjibu. Naondoka mezani sijashiba."

"Nitazame." Saadi alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bado unanipenda, au nimekuja hapa kwa ajili ya spea tu?"

"Ningekuwa sikupendi," alisema Saadi, "ningekuuzia ile beringi ya kushoto, ukaenda zako."

Kicheko kilimtoka Anande kabla ya machozi, halafu vyote vikaja pamoja. Alijifuta kwa mkono wa shati, akajipaka weusi shavuni. Saadi aliunyosha mkono kumfuta, naye Anande akaurudisha.

"Bado nimekasirika," alisema. "Lete spana."

Walifanya kazi bega kwa bega. Walipokitoa kitovu cha gurudumu, grisi ya ndani ilikuwa imeungua, na goroli za beringi zilikuwa zimechubuka na kugeuka bluu kwa joto. Saadi aliinua moja juani. Alisema barabara ya Momela na mashimo yake ingetosha kuivunja. Gurudumu lingekwama kwenye mteremko, mzigo mzima ukiwa nyuma. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, kisha akalitazama gari, akamtazama na mwenye gari. Alichukua beringi mpya dukani. Anande aliisindilia grisi kwa kiganja, akisukuma mpaka ikatokeza upande wa pili, kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya. Saadi alikaza nati, akazungusha gurudumu, akalegeza kidogo, akazungusha tena. Lilizunguka bila kunong'ona.

"Tukalijaribu," alisema Saadi.

Barabara ya Namanga iliwapokea upya. Anande alikanyaga mafuta, mshale wa mwendo ukapanda hadi pale ambapo mvumo ulikuwa ukianza, ukapapita. Kimya. Alisikia upepo dirishani. Aliyumba kushoto, kimya. Hakutabasamu. Alipita Sakina, akapita mahali pa kugeuzia.

"Anande, duka liko nyuma."

"Najua."

"Tunakwenda wapi?"

"Olmotonyi."

"Nilimpa mama yako neno."

"Kalirudishe kwa aliyelipokea. Si kwa siri kama ulivyolitoa. Mbele yangu."

"Nguo zangu zina grisi."

"Na zangu pia."

Saadi alitazama nje. Mashamba ya mahindi yalipita, na miti ya msitu ikaanza kujipanga juu ya vilima. Kisha alijiweka sawa kitini, akafungua kishikizo cha shati kilichokuwa kimefungwa tundu lisilo lake, akakifunga vizuri. "Haya," alisema. "Usipunguze mwendo, nisije nikabadili mawazo." Lakini sauti yake haikuwa ya mtu wa kubadili mawazo.

Fransiska alikuwa kitaluni, amejifunga kanga kiunoni, akimwagilia miche. Aliliona gari likisimama, akamwona binti yake akishuka na shavu jeusi, na nyuma yake akamwona Saadi. Maji yaliendelea kumwagika mahali pamoja mpaka udongo ukatengeneza kidimbwi.

"Shikamoo, mama," alisema Saadi.

Fransiska alilelewa Kibosho kwa mzee ambaye hakuruhusu salamu ianguke chini. "Marahaba," alijibu kwa shida. Kisha kwa binti yake: "Nilikutuma huko?"

"Hukunituma, mama. Ulikwenda mwenyewe."

Fransiska aliweka chini ndoo yake. Alimtazama Saadi kwa lawama. "Ulinipa neno lako."

"Nilikupa, mama," alisema Saadi. Hakusogea, hakuangalia chini. "Nimekuja kulirudisha. Sikulitoa kwa haki, kwa sababu halikuwa langu peke yangu. Nampenda Anande. Sitamwambia aache kanisa lake, na mama yangu hatamwambia. Nyumbani kwetu anasubiriwa. Ukinifukuza leo nitaondoka, lakini nitarudi tena kupiga hodi, na kila mara nitarudi mchana, watu wakiniona."

"Maneno!" Fransiska alipaza sauti, ikavunjika katikati. "Maneno mazuri! Hata Sia aliambiwa maneno mazuri!"

Anande alikunja uso. "Sia ni nani, mama?"

Mama yake aliketi juu ya boksi la miche. Alisugua tope kwenye vidole.

"Dada yangu," alisema. "Mkubwa wangu. Alimpenda kijana Mwislamu wa Kondoa. Baba alikataa, yeye akaenda. Baba akasema tusilitaje jina lake nyumbani. Tukatii. Mimi nilikuwa nampenda kuliko wote, na nilitii kuliko wote. Aliandika, sikujibu. Mpaka leo sijui ana watoto wangapi. Sijui kama yu hai." Aliinua macho kwa binti yake. "Wewe ukienda nitabaki na nani, Anande? Nimeshazika mume. Nitazika na mtoto aliye hai?"

Anande alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaishika mikono ya mama yake.

"Mama, huyo sijui nimwiteje... mama yangu mkubwa Sia hakupotezwa na kijana wa Kondoa. Alipotezwa na babu, na wewe ukamsaidia kunyamaza. Usinifanyie mimi lile lililokuliza miaka yote hii. Sikiliza. Mimi siendi popote. Sitoroki, sijifichi. Kesho asubuhi utanikuta hapa napakia miche ya Momela, na gari limepona, nimelitengeneza kwa mikono hii. Nitaolewa na Saadi. Padri tutamwuliza, bomani tutakwenda, njia zipo. Lakini nataka uketi kiti cha mbele. Nitakungoja mpaka ukubali kuketi, hata kama ni muda mrefu. Oscar simngoji. Oscar sitamwona Jumamosi wala siku nyingine. Nimesema hivi nikikutazama machoni, kwa sababu mimi na wewe hatuna haja ya kutumiana watu."

Fransiska alilia bila sauti. Saadi alipiga hatua moja mbele, kisha akajizuia, akabaki alipo. Upepo wa mlimani ulipita juu ya miche, majani yakageuka yote upande mmoja.

Kisha Fransiska alivuta pumzi, akaiondoa mikono yake taratibu, akatoa simu ndani ya kanga. Alitafuta namba kwa kidole chenye tope. Anande alimtazama Saadi. Saadi akamtazama Anande.

"Haloo, mama Oscar," alisema Fransiska, na sauti yake sasa ilikuwa kavu na ya heshima. "Salama. Nakupigia kuhusu Jumamosi... Msije, dada yangu. Hapana, hakuna mgonjwa. Binti amesema, na mimi nimemsikia. Mtuwie radhi. Asante. Salimia nyumbani."

Aliikata simu. Anande alitaka kumrukia shingoni, lakini mama yake aliinua kiganja.

"Sijakubali lolote," alisema. "Nimesema tu wasije." Alisimama, akakung'uta kanga, akamgeukia Saadi na kumkagua kuanzia viatuni hadi kwenye ndevu zile zisizonyolewa. "Na wewe. Siku nyingine usiletwe hapa na mwanangu kama gunia la mbolea. Una wazee?"

"Ninao, mama."

"Basi ongozana nao. Na mama yako awepo, nataka kuzungumza naye, mwanamke kwa mwanamke. Nyumba hii haiposwi na mtu mmoja."